Siku Niliyokwenda Jozani Kumpeleleza Mkwe

Nimezaliwa Mkunazini, nimekulia Mkunazini, na mpaka nilipotimiza miaka hamsini na nane nilikuwa sijaukanyaga msitu wa Jozani. Wageni hushuka kwenye ndege asubuhi, adhuhuri wakawa wameshawaona kima. Mimi niliyekaa mwendo wa saa moja tu kwa gari, nilikuwa nikiwaona kwenye fulana zinazouzwa chini ya dirisha langu. Watu wa mji ndivyo tulivyo. Shamba kwetu ni mahali pa kuletewa vitu: muhogo, nazi, zamani kuni, na siku hizi wakwe.

Wangu nililetewa habari zake na wazee wanne, Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri, na barua ya posa imekunjwa ndani ya leso nyeupe. Walitoka kusini, upande wa Makunduchi, na kanzu zao zilikuwa zimepigwa pasi vizuri kuliko ya ami yake mwanangu aliyewapokea. Huyu ami, shemeji yangu, ndiye walii wa mwanangu tangu baba yake alipofariki. Mimi nilikaa juu ya ngazi nikisikiliza. Mwanangu ni wa pekee, mwalimu wa skuli, wakati ule ana miaka thalathini na moja, na alikuwa ameshakataa posa tatu mpaka majirani wakaanza kunipitishia maneno kwamba mchagua nazi hupata koroma. Hii ya nne hakuikataa. Aliniambia tu, bila ya kunitazama, kwamba yeye yuko radhi nikiwa radhi mimi. Muoaji alikuwa mtembeza wageni katika hifadhi ya Jozani. Wazee wake walikunywa kahawa, wakala visheti, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili kuchukua jawabu.

Shemeji yangu hakupendezwa. Alisema ukoo wetu ulikuwa na mashamba ya mikarafuu, na leo binti yetu aolewe na mtu ambaye kazi yake ni kuwaonesha watu kima? Nilimjibu kwamba mikarafuu hiyo mimi sijaiona hata jani, na kwamba yeye mwenyewe anauza vocha za simu Darajani. Hakucheka. Lakini nisijifanye mwema. Moyoni na mimi yalinipita hayohayo. Nilijiuliza wenzangu watasema nini siku ya harusi wakiuliza bwana harusi anafanya kazi wapi.

Hata hivyo, hilo silo lililoninyima usingizi. Kama desturi ilivyo, shemeji yangu alikwenda kuulizia. Aliuliza msikitini kwao, akauliza kwa majirani, akauliza kwa mwenye duka, na kote aliambiwa maneno mamoja: kijana mzuri, mpole, hana neno na mtu. Maneno hayohayo ndiyo aliyoletewa marehemu baba yangu alipokwenda kuulizia habari za mume wangu.

Tumeambiwa tuwataje maiti wetu kwa mema, na mema yake nayajua. Alisali, aliilisha nyumba yake, na barazani hakukuwa na mtu mchangamfu kama yeye. Lakini akishapanda ngazi na mlango ukafungwa, alikuwa mtu mwengine. Alikuwa akivunja sahani. Chumvi ikizidi, sahani. Mtu akimkera huko sokoni, sahani ivunjike hapa nyumbani. Hakunipiga hata siku moja, na ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu walioniuliza, kwamba hanipigi. Lakini kwa miaka kumi na tisa, kila niliposikia chombo kikigonga sakafu, niliinuka pale nilipo nikamweka mtoto nyuma yangu. Nilimwogopa mume wangu. Leo nalisema waziwazi kwa sababu ndilo lililonipeleka msituni.

Mimi kazi yangu ni kushona kofia za viua, zile za mkono zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi. Mtu akiniletea kofia niikadirie, uso wake wa juu siutazami. Naigeuza ndani nje, nikatazama nyuzi zilivyofungwa, maana kwa juu kila kofia ni nzuri. Kijana huyu nilikuwa nimeshaoneshwa uso wake kwenye picha ya simu, na sifa zake nimeshazisikia. Nilichokitaka ni kumtazama kwa ndani, akiwa kazini, amechoka, amekerwa, na hajui kama anayemtazama ni nani.

Aliyeipata njia ni shoga yangu wa nyumba ya pili, mjane kama mimi, na vituko kanizidi. Nilipomweleza dhiki yangu alinitazama kama mtu aliyeambiwa maji yanalowanisha.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Si yupo hadharani huyo? Watu wanalipa kiingilio wanamtazama kutwa. Na sisi tulipe."

Basi tukapanga. Mwanangu tulimwambia tunakwenda Mkokotoni kumwangalia mgonjwa. Mkokotoni ni kaskazini, Jozani ni kusini, na mgonjwa mwenyewe hatukumtaja nani, Mungu atusamehe. Shoga yangu akaazima gari na dereva kwa jamaa yake, akafunga mikate ya ufuta na kichane cha ndizi kisukari ndani ya kikapu. Halafu akanitolea nikabu mbili. Mimi ni mtu wa buibui na mtandio, uso wangu huwa wazi miaka yote, lakini nilifikiri sawasawa: mwanangu na yule kijana huenda wanatumiana picha, na uso wangu umo kwenye kila picha ya Idi ya nyumba yetu. Nikaivaa. Nilipojitazama kwenye kioo hapakubaki kitu cha kunijua ila macho, nikaridhika.

Getini kwenye hifadhi, watembezaji walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu zao. Wangu nilimjua mara moja. Alikuwa wa tatu, mrefu, mwembamba, shati la kazi limechomekwa vizuri, na kichwani kofia ya viua iliyoshonwa na mtu asiye na haraka. Tatizo ni kwamba zamu ilikuwa ya mwengine. Alipoinuka wa kwanza, shoga yangu akashikwa na goti, akakaa chini akisema tumwache apumue kidogo. Yule akachukua wageni wengine. Alipoinuka wa pili, mimi nikaulizia choo, na huko chooni nikakaa mpaka nilipomsikia ameondoka. Tukiwa tunajiona werevu kupindukia, tukarudi kwenye benchi, na wa tatu akainuka. Tuliunganishwa na wageni wawili, mzee wa kizungu na mkewe, waliokuwa wakipangusa jasho.

"Shikamooni, mama zangu," alisema.

Tukaitikia marahaba. Alinitazama kidogo, kisha akateremsha macho chini, nikasema moyoni, adabu ya macho anayo, hapo sina la kusema. Akauliza tumetokea wapi. Kabla sijafungua mdomo, shoga yangu akamwambia tumetoka Tanga. Nilimfinya mkono. Kijana akasema karibuni sana, Tanga si karibu, akatangulia mbele.

Msitu ulinishinda. Nilitarajia vichaka, nikakuta miti ambayo ukiitazama juu nikabu inakuingia mdomoni. Kulikuwa na baridi ya chini kwa chini, harufu ya majani yaliyolala na mvua, na ukimya ambao sisi watu wa mji tunaukuta usiku wa manane tu. Kijana alieleza mara mbili kila kitu, kwa Kiingereza kwa wageni na kwa Kiswahili kwetu, na kwetu hakufupisha. Mimi nilikuwa nyuma nikimhesabia. Aliposimama kumngoja shoga yangu mwenye goti la uwongo, ambalo sasa lilimlazimisha kuuburuta mguu mzima, nilimpa alama. Alipokatizwa maneno mara tatu na yule mzee wa kizungu na bado akajibu, nilimpa nyengine, kwa shingo upande.

Mzee yule alikuwa mtu wa kulinganisha. Kila alichooneshwa alikuwa na kikubwa kuliko hicho kwao. Tulipofika kwenye maji yaliyotuama chini ya miti, alisema maneno marefu, na kijana akatugeukia kututafsiria. Alisema kwao mzee kuna hifadhi ambayo ardhi hutoboka, maji yanayochemka yakaruka juu kuliko nyumba ya ghorofa, na watu huwekewa mabenchi wakakaa kuyasubiri. Shoga yangu akauliza kwa hamu kama na hapa yapo.

"Hapa hayaruki, mama," alisema kijana. "Yanapanda taratibu. Masika yakikolea, njia hii tunayoikanyaga inakuwa chini ya maji, lakini mtu huyaona yakija."

Wenzangu walikwenda, mimi nikabaki nimesimama pale. Nilifikiri juu ya watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri maji ya moto yaruke, na wakalipia. Mimi benchi hilo nililikalia miaka kumi na tisa. Nilimwomba Mungu kijana huyu awe mtu wa maji ya kwao, kisha nikakaza mwendo kuwafuata.

Kima tuliwakuta ng'ambo ya barabara kuu, kwenye vichaka karibu na mashamba. Nilikuwa nikidhani watakuwa wamejificha, kumbe wamekaa peupe, mgongo mwekundu, kichwani nywele nyeupe zimetawanyika kama bibi aliyeamshwa usingizini. Kijana alitueleza kwamba wakulima wa zamani walimwita kima punju, yaani kima wa sumu, wakimsingizia kwamba mti akiukalia hufa. Akatuonesha mikono yao isiyo na kidole gumba. Akasema hupenda kuiba makaa jikoni kwa watu, kwa sababu makaa huwatuliza tumbo baada ya kula majani makali. Shoga yangu akasema kumbe ni watu wazima na akili zao. Kulikuwa na mmoja mdogo, hajafika hata ukubwa wa paka, akawa anatukaribia tawi kwa tawi, ananitazama mimi. Jamani, moyo wangu ukayeyuka. Alikuwa na uso wa mtoto anayetaka kubebwa. Bila ya kufikiri nikatia mkono kikapuni, nikatoa ndizi, nikaimenya nusu, nikaunyoosha mkono.

"Mama, rudisha ndizi kikapuni tafadhali," alisema kijana.

Nilimwambia ni kipande tu. Akasema hata kipande. Akaeleza, kwa sauti ileile ya kuelezea miti, kwamba tumbo la kima ni la majani, vitu vitamu vilivyoiva humchachia tumboni, na kwamba akizoea mkono wa mtu atashuka barabarani kuufuata, na magari hayamsubiri. Wazungu wakawa wanatutazama. Yule bibi wa kizungu alitikisa kichwa kunisikitikia, na hapo damu ikanipanda. Mimi, mama mzima, mwenye kushika jawabu la posa yake mkononi, naambiwa kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Kijana," nilimwambia, "mimi nimezaliwa kisiwa hiki kabla mama yako hajaolewa."

Shoga yangu alikohoa. Nilikuwa nimeshasahau kwamba sisi tumetoka Tanga.

"Naam, mama," alisema kijana, na hata ukope hakuupepesa. "Lakini leo uko kwenye dhamana yangu, wewe na wao."

Akasimama pale, mikono nyuma, ananingoja. Hakupandisha sauti, hakuomba radhi, na hakuondoka. Barabarani ilipita lori, ikapita gari ya abiria, bado kasimama. Mwisho niliirudisha ile ndizi ndani ya kikapu, imemenywa nusu, ikaichafua mikate yote ya ufuta. Akasema ahsante, akaendelea na habari za kima kana kwamba hapakuwa na kitu.

Nilikasirika mpaka masikio yakaniuma. Tukirudi kwenye gari nilimwambia shoga yangu kwamba mambo yamekwisha, jawabu ni hapana, mtu asiyejua kusema na wakubwa hawezi kukaa na mke. Shoga yangu akaniuliza kakosea nini hasa. Nikamwambia anyamaze. Mtu akiniambia kweli mbele za watu mimi huwa mgumu kuisikia, hilo mwanangu analijua na sasa msitu mzima ulikuwa unalijua.

Zilikuwa zimebaki mbao za kwenye mikoko, nikaenda kwa kuwa nimeshalipa. Ni njia nyembamba iliyoinuliwa juu ya tope, na chini yake mizizi imesimama kama miguu ya viti vingi vilivyopangwa ovyo. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Yule mzee wa kizungu aliegemea ukingo apige picha ya kaa, simu ikamponyoka, ikadidimia kwenye tope. Alipiga kelele. Kiingereza changu ni kidogo, lakini lawama haihitaji mkalimani: alikuwa akimnyooshea kijana kidole, anaonesha ukingo, anaonesha tope, kana kwamba kijana ndiye aliyeziweka bahari na simu mahali pamoja.

Kijana alivua viatu, akakunja suruali, akateremka katikati ya mizizi. Tope lilimfika magotini. Alipapasa kwa vidole taratibu, maji yakimpanda, mpaka akaipata. Akapanda, akaipangusa kwa leso yake mwenyewe, akaitoa kwa mikono miwili. Mzee aliinyakua, akawa bado ananung'unika.

Hapo hasira yangu ya ndizi ikaniondoka yote, ikabaki hofu ya zamani. Hili nalijua. Mwanamume akidhalilishwa na mtu ambaye yeye hawezi kumjibu, humtafuta mnyonge wa kumtolea. Mume wangu alikuwa akizibeba fedheha hizo kutoka sokoni mpaka juu ghorofani bila ya kumwaga hata tone. Tuliporudi ofisini, kijana alikwenda nyuma kwenye bomba kuosha miguu, na mimi nikamfuata kwa mbali, nikajibanza nyuma ya gari yetu.

Pale bombani palikuwa na mama mmoja mfagiaji. Alipomwona na tope lile akaja juu.

"Wee, hapo nshapafagia," alimwambia. "Huoni?"

Kijana aliitazama sakafu, akaona nyayo zake mwenyewe, akasema nisamehe dada. Akaosha miguu. Kisha akaomba ufagio, akapafagia pale alipopachafua, akaurudisha. Yule mama aliupokea kama kitu cha kila siku, akaendelea na kazi zake. Nilisema moyoni: Mungu wangu, huyu si yule.

Ningeondoka wakati ule ningeondoka na furaha yangu kamili. Lakini alikuja kutuaga. Shoga yangu alikuwa ameshaingia garini, amevua nikabu anajipepea, na mimi nimesimama mlangoni.

"Mama, kwa ile ndizi unisamehe," alisema. "Na mwalimu nyumbani nisalimie. Na Tanga pia."

Nilimtazama nisijue pa kujificha. Nikamuuliza amenijua tangu lini.

"Tokea getini," alisema, akateremsha macho kama alivyofanya asubuhi. "Macho ni yaleyale ya mwalimu, mama. Na nikabu imeyaacha hayo tu."

Nilipoa mwili mzima. Kumbe vazi lote lile la kujificha lilikuwa limeficha kila kitu isipokuwa kile alichokuwa akikijua. Aibu hiyo ningeimeza, lakini nyuma yake lilikuja jambo baya zaidi. Ikiwa alinijua tangu getini, basi kutwa nzima nilikuwa nimetazama uso wa kofia. Upole msituni, tope la mikoko, labda hata ufagio, yote yale yalikuwa barazani, na mimi barazani nimeshawahi kudanganyika. Nilikuwa nimekuja kutazama nyuzi za ndani, nimeoneshwa viua. Ingebidi nirudi nyumbani kama nilivyotoka, na Ijumaa iko njiani.

Halafu ndizi ikanijia.

"Ulinijua," nilimwambia, "unajua na jawabu lako ninalo mimi, na bado ukanikatalia ndizi yangu mbele za watu?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, hakuwa na jawabu tayari.

"Kima hawajui kama mimi nnaposa, mama," alisema.

Sikuweza kujizuia, nilicheka. Nilicheka ndani ya nikabu mpaka ikalowa machozi, na yeye amesimama pale hajui kama acheke au aombe radhi tena. Marehemu mume wangu asingenikatalia ndizi ile. Angenimenyea nyengine, angenisifu kwa huruma yangu, angewacheka wazungu pamoja na mimi, na sahani ingevunjika baadaye, mwaka ujao, mwanangu nikiwa nimeshampa. Huyu alikuwa na kila sababu ya kunipendeza, na kwenye jambo moja lenye uzito kwake hakunipendeza. Sikuhitaji kumgeuza ndani nje. Alikuwa amejigeuza mwenyewe, barabarani, mbele ya macho yangu, na mimi nikaona ufidhuli.

Nilimwambia awasalimie wazee wake, na kwamba Ijumaa wasichelewe.

Nyumbani mwanangu alikuwa amekaa sakafuni anasahihisha madaftari. Aliitazama nguo yangu yenye tope la mikoko, akaniuliza Mkokotoni kuna nini siku hizi. Nikakaa karibu yake nikamwambia kweli yote, mpaka ndizi. Nilidhani atakasirika. Aliziba mdomo kwa daftari la mtoto wa watu, mabega yakimtikisika.

"Na mimi alinikataza, mama," alisema. "Siku ile nlipowapeleka wanafunzi. Mbele ya darasa zima."

Nikamuuliza yeye alifanya nini. Akasema alirudi nyumbani na hasira siku tatu, kisha akampigia simu kumwambia kwamba alikuwa na haki. Nilimtazama mwanangu, mwalimu mzima, na nikajua kwamba kwenye suala hili yeye ameniacha mbali. Ijumaa jawabu likatoka. Shemeji yangu aliniuliza nimeulizia kwa nani mpaka nimekuwa na yakini namna hii. Nilimwambia kwa kima, na mpaka leo anadhani namfanyia mzaha.

Sasa ni mwaka wa tatu. Wanakaa kusini, karibu na kazi zao, na mimi huenda kwao siku za likizo na kofia zangu. Mara ya kwanza nilipolala kwao, asubuhi nimekaa ukumbini nashona, mwanangu yuko uani anaanika nguo, na mkwe wangu jikoni anatengeneza chai. Ghafla kikasikika chombo kikigonga sakafu, kikavunjika vipande.

Nilikuwa nimeshainuka. Mwili haukuniuliza. Sindano imeanguka, mkono wangu umenyooka nyuma kumtafuta mtoto ambaye ana miaka thalathini na mbili na yuko uani na kapu la nguo. Nikangoja sauti itakayofuata, maana ile ya sahani kila mara ilikuwa na mwenziwe.

"Ni mimi, mama," alisema mkwe wangu kutoka jikoni. "Imeniponyoka. Usije bila ya viatu, kuna vigae."

Halafu nikasikia ufagio. Huko uani mwanangu alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, na hakukata wimbo wake hata kidogo. Hakugeuka. Alisikia sahani ikivunjika ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaendelea kuanika nguo. Nilisimama pale mpaka ufagio ukamaliza, kisha nikakaa, nikaitafuta sindano yangu.